Nani alimjibia Antoine Mauroy?

Wiki hii mmeuliza kama daktari ana haki ya kumjaribia mgonjwa tiba isiyothibitishwa pale ambapo tiba nyingine zimeshindwa. Jibu langu ni hapana, ingawa kinachonikera zaidi ni nani huwa anaridhia kwa niaba ya mgonjwa.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Ninapomwongezea mtu damu, husimama kando ya kitanda dakika 15 za mwanzo, nikimwuliza kama anasikia baridi au maumivu ya kiuno, na baadaye naangalia rangi ya mkojo wake. Ndiyo maana kisa cha Antoine Mauroy wa Paris hakinitoki akilini. Alikuwa na wazimu, akizurura mitaani uchi, hadi Desemba 1667 daktari Jean-Baptiste Denis alipomtia damu ya ndama, akiamini kwamba upole wa mnyama huyo ungemtuliza. Mara ya kwanza halikutokea la kutisha. Mara ya pili mkono ulipata joto kali, jasho likamtiririka, figo zikamuuma, akatapika, na baadaye akakojoa mkojo mweusi kana kwamba umechanganywa na masizi. Mwili ulikuwa ukiivunjavunja damu ngeni, na leo hata mwanafunzi wa uuguzi angeufunga mrija papo hapo. Denis, kwa kuwa mgonjwa alilala na kuamka ametulia, alihesabu kwamba amepona.

Wazimu uliporudi, mkewe ndiye aliyeshinikiza jaribio la tatu, ambalo halikufika mbali, Mauroy akafa. Ningemhukumu Denis bila kusita, lakini Aprili 1668 mahakama ya Châtelet ilimwachia, ikaona kwamba marehemu alilishwa sumu ya aseniki, na lawama ikamwangukia mke. Iliamuru pia kwamba mtu asiongezewe damu tena bila idhini ya Kitivo cha Tiba cha Paris, ambacho, kwa bahati mbaya, kilijaa mahasimu wa Denis.

Tatizo la hapana yangu ni kwamba ingemzuia pia daktari James Blundell, ambaye mwaka 1818 huko London alimtia mgonjwa mahututi damu ya binadamu, na mgonjwa huyo akafa, kabla mwanasayansi Karl Landsteiner hajayatambua makundi ya damu. Bila hao nisingekuwa na damu ya kumtundikia mtu. Basi naruhusu, shingo upande: anayeomba ridhaa asiwe mwenye jaribio, na akili ya mgonjwa ikiwa haipo, neno la mke au mume peke yake lisitoshe. Kamati iamue, mradi isiwe ya marafiki wa daktari, wala ya maadui zake.