Barabara nyembamba ya mtaa kuwa ya uelekeo mmoja

Ndugu, umeuliza kama barabara ya mtaa wenu hapo Sinza, ambapo magari mawili hayapishani mpaka moja lipande ukingo wa mtaro wanakopita watoto wa shule, ifanywe ya uelekeo mmoja. Naunga mkono kabisa, ila dereva asiyetarajia gari mbele yake huongeza mwendo, kwa hiyo ombeni na matuta, hasa karibu na shule, la sivyo mtakuwa mmeondoa hatari moja na kukaribisha nyingine iliyo mbaya zaidi.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa aitishe mkutano wa wakazi, kisha muhtasari wake upelekwe TARURA, wakala uliokabidhiwa barabara za mijini na vijijini tangu 2017. Msijiwekee vibao wenyewe. Hakikisheni pia kwamba upo mtaa wa jirani unaofaa kurudia, na kwamba gari la zimamoto litaweza kukata kona. Watakaoshawishika zaidi kukaidi ni bodaboda, kwa kukwepa mzunguko, hivyo waalikeni viongozi wa kijiwe chao tangu mkutano wa kwanza, na watoto waendelee kufundishwa kutazama pande zote mbili hata baada ya kibao kusimikwa.