Usijaze HAPANA kwenye swali la bangi, mkuu. Mimi nilijaza

Mkuu, funga hiyo laptop kwanza. Umeuliza mambo matatu: bangi uliyovuta mara mbili Seattle, mama na wadogo zako walioko Tanga, na kibali cha usalama cha Marekani, ile ruhusa ya kufanya kazi zenye siri za serikali, kinachukua muda gani. Leo nakujibu la bangi tu. Halafu mwishoni ukatupia kama utani kwamba dada mmoja, wakala wa ajira, kakushauri ujaze HAPANA kwenye swali la madawa, eti "mara mbili si kutumia". Hapo chai ikanipalia.

Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2019. Wangu alikuwa kaka mwenye sauti ya mtangazaji wa redio. Kamisheni yake ilitegemea mimi nianze kazi haraka, mimi fala nikadhani ananipenda.

Kosa lenyewe sasa, ucheke. Mwaka 2018 nilikwenda Denver kwenye sherehe ya rafiki, nikala peremende mbili za bangi, zimenunuliwa dukani na risiti juu. Colorado ni halali. Nikalala kama gunia mpaka saa sita mchana, starehe yote ikaishia hapo. Fomu ya kuombea kibali, SF-86, sehemu ya 23, inauliza kama umetumia madawa miaka 7 iliyopita, tena imeandikwa kabisa kwamba ujibu kwa sheria ya shirikisho hata kama jimbo lako linaruhusu. Nilisoma. Nikaweka HAPANA. Nikasaini.

Miezi mitano baadaye mpelelezi akaniita maktaba ya mtaani. Mama wa makamo, mpole, ana daftari la karatasi za njano. Tukapiga stori za kazi na nyumba nilizopanga. Kisha akauliza, kalamu ikiwa bado imefungwa: "Madawa yoyote?" Nikasema hapana. Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayekupa nafasi ya kuteremka kabla gari halijaondoka. Nikasema hapana. Ndipo akafungua kalamu, akaniuliza kuhusu Denver.

Aliyesema alikuwa mdhamini niliyemwandika mimi mwenyewe! Mtu niliyewahi kuishi naye chumba kimoja. Alikuwa ananisifia, maskini: jamaa mcheshi, hana makuu, Denver tulikula naye peremende tukacheka. Nimejifunga goli na mpira nimeleta mwenyewe.

Ikaja barua ya sababu za kutaka kuninyima kibali. Vigezo vya kumpima mwombaji viko 13, A mpaka M, kwenye mwongozo unaotumika tangu Juni 2017. Mimi nilishikwa na viwili: H wa madawa, na E wa mwenendo, yaani uongo. Nikaenda mpaka kwa jaji anayesikiliza kesi za vibali. Kuhusu peremende alimaliza haraka: mara moja, zamani, hakurudia, haina uzito. Kurasa zote zilizobaki zilikuwa za HAPANA yangu. Nikajitetea kwamba wakala ndiye aliyenishauri. Mkuu, mwongozo unatambua ushauri wa wakili, au wa mtu ambaye kazi yake rasmi ni kukuelekeza kwenye mambo ya usalama. Muuza ajira kwa simu hayumo. Nilimpigia aje anitolee ushahidi. Namba haipatikani mpaka leo, na mimi nikimpata sijui kama tutaongea Kiswahili fasaha.

Kibali nikakosa, kazi ikaenda, wakili kala akiba ya kiwanja cha Kigamboni. Tena nashukuru, maana kudanganya serikali ya shirikisho kunaweza kukupa hadi miaka 5 jela.

Bangi ya zamani peke yake haikumalizi. Desemba 2021 Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa, Avril Haines, alitoa mwongozo kwamba matumizi ya nyuma yanaangaliwa lakini hayaamui kila kitu. Anayeendelea kuvuta ndiye hapewi, kwa hiyo acha leo, na uwe tayari kusaini kwamba hutarudia. Na majibu ya kweli kwenye sehemu ya 23, fomu yenyewe inasema hayatatumika kama ushahidi wa kukushtaki kwa jinai. Unaogopa nini? (Wale wa mirungi mnaocheka huko nyuma: kathinoni iliyomo kwenye mirungi iko kapu moja na heroini kwa sheria ya huku. Tulieni.)

Kitu kimoja tu: umeapa uraia wa Marekani juzijuzi, na fomu ya uraia nayo inauliza kama umewahi kufanya kosa la jinai hata kama hukukamatwa. Kama ulivuta kabla ya kuapa na kule uliandika hapana, muone wakili kabla hujagusa kitu.

Kama umeshatuma SF-86 yenye HAPANA, mpigie afisa usalama wa kampuni kesho asubuhi, mfuatishie na barua pepe, useme ulichoficha. Kujirekebisha kunahesabika ukikimbilia mwenyewe, kabla hujawekewa ushahidi mezani. Mimi nilipewa nafasi mbili pale maktaba, kalamu imefungwa.

Na yule dada akipiga tena, mwambie uko kwenye daladala, mtandao unakata.