Sauti inayokwaruza kwenye albamu ya The Strokes

SWALI: Nimepata CD ya Is This It, albamu ya kwanza ya bendi ya roki The Strokes. Sauti ya mwimbaji inakwaruza kama inatoka kwenye simu. CD ni mbovu? Halafu mbona haina wimbo "New York City Cops"?

JIBU: CD ni nzima. Mtayarishaji Gordon Raphael aliipitisha sauti ya mwimbaji Julian Casablancas kwenye amplifaya ndogo ya mazoezi, aina ya Peavey. Ukitaka kuiga, rekodi kwanza sauti safi, kisha itoe kwenye kompyuta uipeleke kwenye amplifaya ya gitaa, na maikrofoni iwe sentimita 5 hadi 10 mbele ya spika. Anza na sauti ya chini kabisa, kwani mkondo wa kompyuta una nguvu kuliko wa gitaa. Ukizidisha, maneno hayasikiki tena. Punguza besi pia. Kuimba moja kwa moja kwenye amplifaya kunawezekana, ila maikrofoni unayoimbia ikinasa spika hiyohiyo itapiga mluzi.

Kuhusu wimbo: una CD ya Marekani. Ilitoka Oktoba 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na wimbo huo unaowakejeli polisi ukabadilishwa na "When It Started". Tafuta toleo la Uingereza.