Nimeswali istikhara, mbona sioti?

SWALI: Assalaam alaykum, Ustadhi. Nimepata mkataba wa miaka miwili wa kazi za ndani Muscat. Mama karidhia, kaka anasita. Nimeswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu anichagulie lenye kheri, usiku saba na sijaota chochote. Nimeelekezwa kwa mtu anayewaotea wengine kwa malipo. Niende? – Msomaji, Tanga

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Usiende. Hadithi ya Jabir bin Abdillah, sahaba wa Mtume, iliyomo katika mkusanyo wa Bukhari inamwagiza mwenye jambo lake aswali mwenyewe, na ndoto haikutajwa humo. Katika dua yenyewe huombi kuonyeshwa kitu. Unamwomba Mwenyezi Mungu akukadirie na akusahilishie jambo likiwa na kheri katika dini yako, maisha yako na mwisho wa mambo yako. Likiwa na shari akuepushe nalo, kisha akuridhishe. Basi jibu litazame kwenye safari yenyewe: mambo yananyooka, au yanakwama kila upande.

Swali rakaa mbili za sunna. Wengi husoma Al-Kafirun katika ya kwanza na Al-Ikhlas katika ya pili. Epuka muda wa baada ya Alfajiri mpaka jua lipande, na baada ya Alasiri mpaka lizame. Ukishatoa salamu, mhimidi Mungu, mswalie Mtume, usome dua. Ukifika "hadhal-amra" (jambo hili), taja safari yako. Kama hujaihifadhi, soma kwenye karatasi. Ukiwa katika hedhi, dua peke yake inatosha. Ama hadithi ya kuirudia istikhara mara saba, sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ni dhaifu. Kurudia si vibaya, ila usijifunge na hesabu.

Kinachoharibu istikhara za wengi ni kuswali tiketi ikiwa tayari mkononi. Hapo mtu anatafuta baraka za uamuzi wake tu.

Na kutawakali, yaani kumtegemea Mungu, si kukaa. Katika mkusanyo wa hadithi wa Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume: nimfunge ngamia nitegemee, au nimwache nitegemee? Akajibiwa: mfunge, utegemee. Kwako wewe, kumfunga ni kuhakikisha wakala ana leseni, kusoma mkataba kwa lugha unayoielewa kabla ya kutia saini, kuona mshahara na siku ya mapumziko vimeandikwa, na pasipoti kubaki kwako. Wakala akikunyima nakala ya mkataba, acha.

Kaka naye muulize kinachomtia wasiwasi ni nini hasa. Aya ya 159 ya Al-Imran imetanguliza kushauriana, kisha kuazimia, ndipo kutawakali.