Maswali Yenu: Konferensi ya "vyuo vya akili" ni kweli ama ni pesa tu?

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Mpwa wangu anakimbia 5,000 huku Iten na kuna makocha wawili wa vyuo vya Marekani wanamsumbua WhatsApp kila siku. Mmoja anasema chuo chake kiko konferensi ya Big Ten, yaani ligi ya michezo ya vyuo, na eti Big Ten ni ya vyuo vya maana kimasomo sio michezo tu. Lakini nasikia hizo konferensi zimevurugika, mpaka Stanford ya California iko ligi ya pwani ya Atlantiki. Hilo jina la konferensi litamsaidia kwenye digrii? – Mjomba mtu, Iten

JIBU: Shikamoo mjomba, na hongera, makocha wawili sio mchezo. Huyo kocha hajakudanganya, amekupa nusu ya stori.

Big Ten ni ya 1896 na wakubwa wake toka zamani wanapenda mgeni awe mwanachama wa AAU, yaani ule umoja wa vyuo vizito vya utafiti ulioanza 1900. Maryland na Rutgers walioingia 2014 wanao uanachama huo, na USC, UCLA, Oregon na Washington walioingia 2024 wote wanao. Sasa angalia Nebraska: walialikwa 2010 wakiwa AAU, 2011 mwaka huohuo wanaanza kucheza wakapigiwa kura wakatolewa AAU, sababu mojawapo chuo chao cha udaktari kule Omaha hakikuhesabiwa pamoja nao na hela za utafiti wa kilimo zilipewa uzito mdogo. Big Ten wakawafukuza? Wapi! Uwanja wao wa futiboli ya Kimarekani unauza tiketi zote toka 1962, nani atamfukuza mtu kama huyo.

Halafu ndio ikaja 2023. USC na UCLA walishatangaza kuondoka Pac-12, konferensi ya pwani ya magharibi, mwaka mmoja kabla, Big Ten wana mkataba wa TV na Fox, CBS na NBC wa zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka 7, na mwezi wa nane Pac-12 ikasambaratika kwa siku chache tu. Ingekuwa masomo ndiyo yanaamua, wa kwanza kupigiwa simu wangekuwa Stanford na Berkeley si ndio? Big Ten wakachukua Oregon na Washington, Stanford na Berkeley wakabaki wanahangaika mpaka ACC, hiyo ligi ya pwani ya Atlantiki uliyosikia, ikawapokea, tena kwa mgao wa TV uliokatwa sana miaka ya mwanzo. SMU ya Dallas, ambayo wala haiko AAU, iliingia siku hiyohiyo kwa kukubali kukaa miaka 9 bila mgao wa TV, matajiri wao wapo.

Ni kama posa tu mjomba, ukoo wa bwana harusi utaulizwa lakini bila mahari hakuna harusi.

Na waliotupwa nje kabisa walikuwa Oregon State na Washington State. Hiyo Washington State ndiyo aliyosoma Henry Rono wetu, yule wa rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Historia yote hiyo na simu haikulia.

Kwa hiyo digrii: mwajiri anasoma jina la chuo na kozi, konferensi haiandikwi kwenye cheti. Oregon State ni wakali wa misitu na bahari, wakiwa Pac-12 au wasiwe.

Safari nazo zisikutishe sana. Wanaoumia ni watoto wa voliboli na softiboli wanaocheza mechi za konferensi wiki hadi wiki, leo Los Angeles kesho New Jersey, vitabu kwenye ndege. Mkimbiaji wa kros kantri anaenda mashindano ya mwaliko ambayo kocha anachagua, safari ya konferensi ya lazima ni fainali zake tu.

Mimi ningembana kocha kwingine. Skolashipu ni kamili ama nusu, inakaguliwa kila mwaka? Kijana akiumia goti inakuwaje? Toka makubaliano ya kesi ya House 2025, ile ya wanamichezo dhidi ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, vyuo vilivyojiunga nayo havizidishi wakimbiaji 17 kwenye timu ya kros kantri, kwa hiyo uliza nafasi yake iko ndani ya hao 17 ama ni ya kubahatisha. Na majibu yaje kwa barua yenye muhuri wa chuo, voisi noti ya WhatsApp haihesabiki.