Gavana akikataa parole, mahakama yaweza kuingilia

Ndugu, umeuliza kama mfungwa wa California aliyekubaliwa na bodi ya parole (kuachiliwa kwa masharti kabla ya kifungo kuisha), kisha gavana akakataa, bado ana njia. Anayo, kupitia mahakama. Tangu 1988 gavana ana uwezo wa kubatilisha maamuzi ya bodi kuhusu waliohukumiwa kwa mauaji, lakini mwaka 2008, katika shauri la mfungwa Sandra Lawrence, Mahakama ya Juu ya jimbo ilieleza kwamba ubaya wa kosa la zamani hautoshi peke yake, bali lazima pawepo ushahidi, hata mdogo, kuwa mfungwa ni hatari hivi leo. Kwa kigezo hicho, ambacho naamini ni cha haki, mahakama ya rufani ilitengua mwaka 2023 uamuzi wa gavana wa kumnyima parole Leslie Van Houten, mfuasi wa zamani wa Charles Manson aliyefungwa kwa mauaji, naye akaachiliwa. Kwa hiyo, ombi la mfungwa mahakamani lijibu kila sababu aliyoiandika gavana.