Ni kamba ya kuvuta fizi au uzi wa kusogezea ufizi?

Msomaji anasomea udaktari wa meno, anauliza: ule uzi unaozungushiwa jino kabla ya kuchukua chapa, yaani nakala ya umbo la jino, ya kutengenezea kofia ya jino, amwambie mgonjwa ni nini? Wenzake wanasema "kamba ya kuvuta fizi" na yeye anaona haijakaa sawa.

Kweli haijakaa sawa, na shida kubwa iko kwenye kitenzi. Ule uzi hauvuti kitu, unashindiliwa taratibu kwenye kile kijinafasi kati ya jino na ufizi, ukishakaa pale unausukuma ufizi pembeni kwa dakika kadhaa, afu mara nyingi umelowekwa dawa ya kuzuia damu kama kloridi ya alumini, ili ile dawa laini ya kuchukulia chapa ipenye mpaka ukingoni pale jino lilipochongwa. Sasa ukisema "kuvuta" mgonjwa si atajua unataka kumng'oa kitu! Na usiseme "kurudisha ufizi nyuma" manake ufizi uliorudi nyuma ni ugonjwa, mizizi inabaki wazi, utamtia hofu bure. Mimi nasema kusogeza.

Tena nasema uzi wa kusogezea, hiyo -ea ndo inayoonyesha ni kifaa cha kufanyia kazi, kama tunavyosema kisu cha kukatia na maji ya kunywea dawa. "Uzi wa kusogeza ufizi" pia unaeleweka ila wa kwanza umekaa vizuri zaidi.

Kamba hapana, kamba ni ya kufungia mbuzi, hiki kitu hata kikisukwa bado ni chembamba. Ila usikate ukabaki na "uzi wa meno" peke yake, huo watu wanaujua ni wa kutolea mabaki ya chakula.

Kwa mgonjwa sema hivi: "Naweka uzi mwembamba kuzunguka jino, ufizi usogee kidogo, nikiutoa utarudi wenyewe."

Na kuna madaktari wanaweka mbili, mwembamba chini na mnene juu, hapo ni nyuzi mbili, sio "uzi mbili". Uzi una shina la silabi moja ndo maana wingi wake unapata ny-, sawa na uso nyuso na ufa nyufa, lakini ufizi shina lake ni refu kwa hiyo u- inadondoka tu, zinabaki fizi. Jino likiwa moja basi sema ufizi umesogea, fizi zimesogea ni kama umezungushia mdomo mzima.